Kuchangisha na Kufundisha katika Shirika la Jamii ya Kiyahudi: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nilikabidhiwa boksi la kadi nene. Pembeni mwa kila kadi kulikuwa na vipande vidogo vyenye namba: 18, 36, 54, 180, 360, 1,800. Nikaambiwa nihakikishe kila kipande kinakunjika vizuri. Sikuelewa kwa nini mtu asiandike tu kwa kalamu kiasi anachoahidi. Kumbe kadi zile hutumika sinagogi, usiku wa kuingia Siku ya Upatanisho, Yom Kippur, na siku hiyo mshika dini haandiki wala hagusi pesa. Anakunja kipande chenye kiasi anachoahidi, kadi zinakusanywa, na ofisi inamtafuta baada ya sikukuu kupita. Karibu kazi yote imo ndani ya kadi ile: kalenda, sheria ya dini, hesabu, ahadi, na mtu wa kumweleza mgeni maana ya hayo yote.

Nafanya kazi katika shirika la jamii ya Kiyahudi jimboni Ohio, Marekani. Nusu ya muda wangu nachangisha fedha, nusu naratibu elimu. Mimi si Myahudi. Naandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu walioko huku, ambao huona matangazo ya kazi hizi na kuyapita wakidhani hayawahusu, na kwa yeyote aliyeitwa kwenye usaili na hajui aanzie wapi.

Hatua ya 1: Jua ni shirika la aina gani

Mashirika ya Kiyahudi ni ya aina nyingi. Kuna shirikisho la mji, ambalo hukusanya mchango mmoja mkubwa kila mwaka na kuugawa kwa taasisi nyingine. La kwanza Marekani lilianza Boston mwaka 1895. Kuna vituo vya jamii vyenye bwawa la kuogelea, ukumbi na chekechea. Kuna shule za kutwa, kambi za watoto za kiangazi, masinagogi yenyewe, na Hillel inayohudumia wanafunzi wa vyuo, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1923. Halafu kuna mashirika ya huduma za familia. Ndugu zetu wengi kutoka Kongo waliopokelewa Marekani kama wakimbizi waliyajua haya kabla ya kujua jina lake, kwa sababu HIAS, shirika la Kiyahudi linalosaidia wakimbizi, lilikuwa likiwapokea watu kupitia mashirika ya namna hiyo mijini.

Tofauti hizi zinaamua kama utaajiriwa. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inairuhusu taasisi ya kidini kuchagua watu wa imani yake, kwa hiyo sinagogi likitaka mwalimu wa Torati awe Myahudi liko ndani ya haki yake. Vituo vya jamii, mashirika ya huduma za familia na mashirikisho mengi huajiri watu wa dini zote kwa kazi nyingi. Uliza mapema, kwa adabu, wala usione haya kuuliza.

Neno moja kwenye matangazo limewapotosha wengi. Ukiona cheo kimeandikwa "development", usidhani ni maendeleo ya jamii kama tulivyozoea kwa mashirika ya nyumbani. Huku maana yake ni kuchangisha fedha. Namfahamu kijana aliyejiandaa kwa usaili wiki nzima akisoma habari za visima na afya ya jamii, akafika akaulizwa angemwombaje mtu dola 5,000.

Hatua ya 2: Andika uzoefu ulionao

Kama umewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi Dar es Salaam, au umeongoza harambee ya kujenga darasa Kenya, basi umeshafanya kazi hii. Ulikuwa na orodha ya watu. Ulijua nani aombwe kiasi gani na nani amwombe. Ulitofautisha ahadi na taslimu, ukakumbushia ahadi bila kumkera mtu, ukatoa hesabu mbele ya kikao cha kuvunja kamati. Hayo ndiyo wanayoyatafuta, tatizo ni kwamba hatuyaandiki.

Yaandike kwa namba. Kamati ilikuwa ya watu wangapi, lengo lilikuwa kiasi gani, ahadi zilifika ngapi na zilizolipwa ni sehemu gani ya ahadi hizo. Hiyo ya mwisho isisahaulike, maana mkurugenzi yeyote wa uchangishaji anajua uchungu wa ahadi isiyolipwa. Upande wa elimu, andika madrasa, shule ya Jumapili, masomo ya jioni ya ndugu na majirani. Sema umri wa watoto na walikuwa wangapi.

Hatua ya 3: Ishi na neno tsedaka mpaka likuingie

Hapa nakuomba tukae kidogo, kwa sababu asiyeelewa neno hili ataomba vibaya na kufundisha vibaya.

Wayahudi husema tsedaka. Sikio la Mswahili linasikia sadaka papo hapo, na halijakosea: sadaka tuliipata kutoka Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni lugha ndugu. Ukitega sikio zaidi utakuta yatima ni yatom, maskini ni misken, hesabu ni heshbon. Hata zile namba kwenye kadi. Kiebrania huandika namba kwa herufi, na herufi ya 8 na ya 10 zikikaa pamoja husomeka "hai", kwa maana ileile ya kwetu: hai, mwenye uhai. Ndiyo maana watu hutoa 18, au 36 ambayo ni hai mara mbili, au 1,800. Ukipokea hundi ya dola 18 kutoka kwa mtu mwenye uwezo, usidhani amekupuuza. Huenda amekuombea uhai.

Lakini kufanana huku kunaweza kumponza mtu. Sadaka kwetu ni hiari, wema wa mtoaji. Mzizi wa tsedaka ni haki, uadilifu. Mtoaji anatimiza lililo juu yake. Kwa Mwislamu wa pwani, tsedaka kimaana iko karibu na zaka kuliko sadaka, ingawa jina linafanana na hii ya pili. Kwa Mkristo, iko karibu na fungu la kumi. Kipimo kilichozoeleka ni sehemu ya kumi ya kipato. Marabi wa kale waliweka na kikomo: mtu asitoe zaidi ya moja ya tano ya mali yake, asije naye akageuka mwombaji. Na walisema maskini anayeishi kwa tsedaka naye atoe kidogo katika alichopewa.

Tazama hiyo inavyobadilisha sauti ya mchangishaji. Huendi kupiga magoti. Unamletea mtu nafasi ya kutimiza jambo ambalo tayari anajua ni lake.

Mwalimu mkubwa wa jambo hili ni Musa bin Maimuni, ambaye vitabu vya Ulaya humwita Maimonides. Alizaliwa Cordoba mwaka 1138, akafariki Misri mwaka 1204, tabibu na mwanasheria. Aliupanga utoaji katika ngazi nane. Chini kabisa ni anayetoa kwa kinyongo. Juu yake ni anayetoa pungufu ya inavyostahili lakini kwa uso mkunjufu. Kisha anayetoa baada ya kuombwa. Kisha anayetoa kabla ya kuombwa. Hufuata mtoaji asiyejua anampa nani, ingawa mpokeaji anajua; halafu anayejua anampa nani lakini mpokeaji hajui; halafu wote wawili wasiojuana. Kileleni yupo anayempa mtu mkopo, ubia au kazi, hata asihitaji tena kuomba.

Vitu viwili vingine kutoka kwake nakusihi uvibebe. Cha kwanza: aliandika kwamba anayewafanya wengine watoe ana thawabu kubwa kuliko mtoaji mwenyewe. Siku simu zako zote hazijapokelewa, likumbuke hilo. Cha pili: mwenyewe alikuwa mchangishaji. Miongoni mwa karatasi zilizohifadhiwa kwa karne nyingi katika sinagogi la Cairo ya kale imo barua yake ya kuomba michango ya kukomboa mateka.

Na kuna kanuni kongwe kuliko yeye: tsedaka inakusanywa na watu wawili na kugawanywa na watatu. Nikiwaeleza wageni kwa nini kila hundi ya ofisi yetu inapita kwenye macho ya watu wawili, naanzia hapo. Wanaelewa haraka kuliko nikianza na mkaguzi wa hesabu.

Hatua ya 4: Tundika kalenda mbili ukutani

Kalenda ya Kiyahudi hufuata mwezi kama ya Kiislamu, ila haiachi sikukuu zizunguke mwaka mzima. Katika kila miaka 19, miaka 7 huongezewa mwezi wa 13, na hivyo Pasaka yao hubaki majira ya kuchipua. Kwako wewe mpangaji, sikukuu husogea kila mwaka lakini haziendi mbali.

Siku huanza jua linapozama. Mzee wa pwani hahitaji kuelezwa hilo. Kwake usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Sabato basi huingia Ijumaa jioni na kutoka Jumamosi usiku. Usimpigie mchangiaji simu Ijumaa mchana wa majira ya baridi, jua linazama mapema na jiko lake linawaka. Usipange barua pepe ya kuomba ijitume yenyewe Jumamosi.

Kipindi kigumu ni vuli. Mwaka Mpya, Rosh Hashanah, huangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Siku ya kumi ya mwaka ni Yom Kippur. Siku tano baadaye inaanza Sikukuu ya Vibanda, na mwisho wake kuna furaha ya kumaliza na kuanza upya kusoma Torati. Ni wiki tatu na zaidi ambazo ofisi hufungwa na kufunguliwa mara kwa mara. Mwezi unaotangulia ndio wa kuandika barua, na ahadi zile za kadi hukusanywa sikukuu zote zikishapita.

Sikukuu nyingine kila moja ina mchango wake. Purimu huamuru kutoa zawadi kwa maskini wasiopungua wawili, siku ileile. Kabla ya Pasaka kuna "pesa za ngano", desturi ya kale ya kuhakikisha kila nyumba ina cha kuweka mezani. Hanukka huangukia karibu na mwisho wa mwaka wa kodi, ambapo Wamarekani wengi hutoa. Hata ile Jumanne ya Kutoa inayofuata sikukuu ya Shukrani ya Marekani, ambayo siku hizi huadhimishwa mpaka Nairobi, ilibuniwa mwaka 2012 katika kituo cha jamii ya Kiyahudi cha New York, 92nd Street Y, kwa kushirikiana na Wakfu wa Umoja wa Mataifa.

Kuna na kalenda ya tatu, ya marehemu. Watu hutoa kwa kumbukumbu ya mzazi kila mwaka ifikapo siku aliyofariki, na siku hiyo huhesabiwa kwa tarehe ya Kiebrania. Kwa hiyo ukiandika kifo kwenye kumbukumbu za ofisi, uliza: kilitokea kabla ya magharibi au baada? Aliyefariki Jumanne saa tatu usiku, tarehe yake ni ya Jumatano. Ukikosea, familia itapata barua siku isiyo yenyewe, na hilo linaumiza. Mtu akifiwa, siku saba za msiba si za kuomba kitu. Maua si desturi yao. Nenda ukae nao kama ungekaa msibani kwetu, useme kumbukumbu yake iwe baraka.

Hatua ya 5: Hesabu kwanza, kuomba baadaye

Tuchukue mfano. Darasa la Jumapili lina watoto 24, na gharama ya mwaka ni dola 43,200, yaani 1,800 kwa mtoto. Wazazi wanalipa 1,100. Pengo ni 700 kwa kila mtoto, jumla 16,800. Usitawanye barua 500 za kuomba "chochote ulichojaliwa". Panga hivi: mmoja wa 3,600; wawili wa 1,800; wanane wa 540; ishirini wa 180; na arobaini na saba wa 36. Inafika 16,812. Kisha kaa na orodha, uandike jina mbele ya kila nafasi, na kwa kila nafasi ya juu uwe na majina matatu au manne, kwa sababu wengine watakataa. Anza na wa 3,600. Wakipatikana wakubwa, wadogo huja kwa moyo.

Kabla ya kuanza, waombe wajumbe wa bodi watoe wao. Mchangiaji makini atauliza.

Sasa kuomba kwenyewe. Sisi tumelelewa kuzunguka: habari za nyumbani, za watoto, za mvua, ndipo shida itajwe ukiwa umeshika kitasa cha mlango. Salamu zina heshima yake, zitoe. Lakini ukishazimaliza usizunguke mbuyu. Taja kazi, taja kiasi, kisha nyamaza:

"Nimekuja kuzungumzia darasa la Jumapili. Naomba ufikirie kuchangia dola 1,800, ambazo ni mwaka mzima wa mtoto mmoja."

Kimya kitakachofuata kitakutesa. Usikijaze. Mwachie mtu afikiri. Wengi wetu hupunguza kiasi wenyewe kabla mwenzetu hajafungua mdomo.

Mwaka wangu wa pili nilikwenda kumwona mama mmoja mjane, zaidi ya miaka themanini. Dirishani jikoni kwake kulikuwa na kopo la bati la bluu lenye tundu juu, la kudumbukizia sarafu kila Ijumaa kabla ya kuwasha mishumaa ya Sabato. Alilirithi kwa mama yake, na rangi ilikuwa imekwanguka pale vidole vinaposhika. Nikasema maneno yangu, nikanyamaza kama nilivyofundishwa. Akaniuliza: "Hao watoto wanajifunza nini?" Nilikuwa na takwimu za mahudhurio na bajeti. Nilichokuwa sina ni jibu. Nilikuwa sijaketi darasani hata Jumapili moja. Nilimwomba anipe wiki mbili. Nikaenda darasani Jumapili mbili mfululizo, nikarudi na karatasi ya mtoto wa miaka kumi aliyechora ngazi nane za Musa bin Maimuni, akajichora mwenyewe kwenye ya tatu kutoka chini na kuandika kwa nini. Mama yule aliisoma mara mbili, akauliza kama anaweza kubaki nayo. Mchango wake ulikuja wiki hiyo.

Tangu hapo nimeamini kwamba kuomba na kufundisha ni kazi moja. Anayechangisha bila kuingia darasani anauza asichokijua. Na mwalimu asiyejua kiti cha mtoto kinalipiwa na nani hawezi kumfundisha mtoto shukrani.

Ukitoka kwa mchangiaji, kabla ya kuwasha gari, andika: mlizungumza nini, aliuliza nini, umeahidi nini na lini. Ukifika ofisini ingiza kwenye programu ya kumbukumbu. Andika kama vile mwenyewe atakuja kusoma, maana ana haki ya kuuliza.

Hatua ya 6: Shukrani na stakabadhi

Shukrani iende ndani ya siku mbili tatu. Kwa mchango wa dola 250 na zaidi, sheria ya kodi ya Marekani inamtaka mtoaji awe na barua inayotaja kiasi, na inayosema kama alipewa kitu badala yake au la. Akilipa zaidi ya dola 75 kwa jambo lenye manufaa kwake, kama chakula cha jioni cha hafla, ni lazima shirika limweleze thamani ya alichopata, kwa sababu sehemu hiyo haipunguzi kodi yake.

Kosa la wageni liko kwenye mifuko ya michango, ambayo mtu huweka fedha kwanza kwenye taasisi inayoisimamia na baadaye hupendekeza ziende wapi. Msamaha wa kodi alishaupata siku alipoziweka. Mpe barua ya shukrani, usimpe stakabadhi ya kodi. Wala fedha za mfuko huo hazilipii tiketi ya hafla.

Uliza kila mara kama jina litangazwe. Wapo wanaopenda bamba la shaba ukutani, na wapo walioichukua kwa uzito ile ngazi ya kutojulikana. Kutangaza jina la mtu aliyeomba lifichwe ni kosa lisilofutika kwa barua ya kuomba radhi.

Hatua ya 7: Darasani

Kwanza jua mipaka yako. Mimi sifundishi sala wala sisomeshi Torati kama imani. Hilo lina walimu wake. Naratibu ratiba, naandaa vifaa, naongoza miradi ya tsedaka, naendesha masomo ya Kiingereza kwa wakimbizi wanaofika kwetu, na naandika maombi ya ruzuku na ripoti zake. Kazi ni nyingi bila kuingia mahali pasipo pako.

Utaratibu wao wa kusoma utakushangaza kama ulizoea darasa la kimya. Unaitwa havruta: watu wawili, andiko moja, kwa sauti, kila mmoja akimbana mwenzake kwa maswali. Chumba kikiwa na jozi kumi ni kelele tupu, na ndivyo inavyotakiwa. Usiwanyamazishe. Usiku wa Pasaka mdogo kuliko wote mezani ndiye huuliza maswali manne, na simulizi ya usiku huo inataja watoto wa namna nne: mwenye hekima, mkaidi, wa kawaida, na asiyejua kuuliza. Kila mmoja anajibiwa kivyake. Huyo wa nne ndiye namtafuta kila Jumapili, na mara nyingi amekaa karibu na mlango.

Somo moja la kuanzia, lililonifaa kila mara, ni la ngazi. Andika ngazi nane kwenye karatasi nane, zichanganye, wape watoto wa miaka 10 hadi 12 wazipange sakafuni bila kuwaambia mpangilio wa asili. Watabishana. Mara moja msichana mmoja alikataa katakata kuweka mwenye kinyongo chini kabisa. "Kama amenipa mkate," alisema, "mimi nimekula." Tulikaa kwenye hoja hiyo dakika ishirini, na rabi aliyepita akaketi chini na watoto akamsikiliza.

Kwa ngazi ya juu natumia mfano ulio karibu na nyumbani. Anne Heyman, mwanasheria mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeishi New York, alipojifunza habari za yatima wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, alikumbuka vijiji vya vijana ambavyo Israeli ilivitumia kulea yatima wa Maangamizi ya Wayahudi. Akachangisha, na mwaka 2008 kikafunguliwa kijiji cha Agahozo-Shalom huko Rwamagana. Agahozo ni Kinyarwanda, mahali machozi yanapokaushwa. Shalom ni amani. Watoto huko wana nyumba, mama wa nyumba, shule. Watoto wa Ohio huelewa mara moja kwa nini shule imekaa kileleni mwa ngazi.

Jambo dogo ambalo hakuna atakayekueleza mapema: karatasi yenye jina la Mungu kwa Kiebrania haitupwi kwenye taka. Kuna sanduku lake, na likijaa huzikwa kama maiti anavyozikwa. Ukitoa nakala za somo, angalia zimeandikwa nini kabla ya kusafisha chumba.

Ukiomba ruzuku ya elimu, soma mipango iliyodumu. PJ Library, iliyoanzishwa na Harold Grinspoon huko Massachusetts mwaka 2005, hupeleka vitabu vya bure kwa watoto majumbani, na jamii za miji hushiriki kubeba gharama. Mchangiaji anaweza kukishika mkononi kitabu alichokilipia, na ruzuku yako nayo iwe na kitu cha kushikika namna hiyo.

Hatua ya 8: Adabu za nyumba, na mlango

Sambusa ulizokaanga nyumbani, hata za viazi, usiziingize kwenye jiko la ofisi inayoshika kosheri, yaani sheria ya Kiyahudi ya chakula. Tatizo haliko kwenye nyama tu, lipo kwenye mafuta na sufuria pia. Nunua kilichofungwa chenye alama, kama ile ya herufi U ndani ya duara, na nyama usiichanganye na maziwa. Mwanamume au mwanamke wa madhehebu ya kale huenda asikupe mkono kama si wa jinsia yake. Weka mkono kifuani kama tunavyofanya Lamu, mambo yanakwisha. Wazee utawasikia wakiitwa kwa jina la kwanza na vijana wa ofisini. Wewe anza na Bwana au Bibi mpaka wakuruhusu vinginevyo. Hakuna aliyewahi kuchukia heshima.

Kuhusu Israeli na vita, wachangiaji wako watakuwa na misimamo inayopingana vikali, wakati mwingine ndani ya nyumba moja. Jua shirika lako linasema nini na linafadhili nini, na ukiulizwa eleza hilo kwa uaminifu. Sikiliza uchungu wa mtu. Si lazima utoe maoni yako mezani kwake.

Mlango utaukuta umefungwa, kuna mlinzi, na utafanya mazoezi ya dharura pamoja na watoto. Tarehe 27 Oktoba 2018 watu 11 waliuawa wakisali Sabato katika sinagogi la Tree of Life huko Pittsburgh, na muuaji alikuwa ameitaja HIAS na kazi yake ya kupokea wakimbizi. Waliuawa kwa chuki iliyowalenga wao, na iliyotulenga sisi tuliopokelewa. Usimshikie mlango mtu usiyemjua, hata akitabasamu, hata ikiwa ni mvua. Usibaki peke yako na mtoto chumbani. Wawe watu wazima wawili. Na kubali kukaguliwa rekodi yako ya polisi bila kinyongo, kila mwaka watakapotaka.

Hatua ya 9: Funga mwaka, ufungue mwingine

Mashirika mengi haya hufunga hesabu tarehe 30 Juni. Mei na Juni ni za kukumbushia ahadi: piga simu mwenyewe, anza kwa kumwambia mtu mchango wake wa mwaka jana ulifanya nini, ndipo utaje kilichobaki. Julai ni ya kuandika ripoti kwa waliotoa ruzuku. Waandikie na yaliyoshindikana, kwa sababu watayajua. Mpelekee kila aliyetoa 1,800 ukurasa mmoja kuhusu darasa, bila majina ya watoto.

Agosti kadi zinatoka kwa mchapaji. Zihesabu zote. Chukua moja kutoka kila pakiti, kunja kila kipande kuanzia 18 hadi 1,800, uone kama kinalala bila kuchanika na kama namba inasomeka kwenye mwanga hafifu. Zinazokataa zirudishe wiki hiyohiyo, maana mchapaji naye ana foleni, na Rosh Hashanah haingoji.